Jini wa upepo katuzuia mlangoni sisi wenyewe tuliomwita, masta yuko sahihi?

DaduLaChake

Asalaam alaykum wote. Naomba msaada maana hapa kwetu Chake tumegombana wallahi, wiki ya pili hii watu wawili hawajarudi barazani na sababu ni jini wa kwenye gemu. Tuko sita na masta wa saba (ndo msimulizi na mwamuzi wa gemu), twacheza Dungeons & Dragons toleo la tano (gemu ya kusimulia hadithi kwa dadu, kila mtu na mhusika wake), zile kanuni za 2014, kitabu hatuna tunatumia yale makaratasi ya bure waliyoyaachia kwa leseni huria Januari 2023, mengine tumeyaprinti mengine tunayasoma kwenye simu.

Mie nacheza druidi (mganga wa maumbile) levo ya 9. Ijumaa ile tulikuwa kwenye ngome ya zamani ufukweni, maharamia wako nyuma yetu, na sanduku tunalolitafuta liko ghalani chini. Nikaita elementali ya upepo (kiumbe wa upepo mtupu) kwa speli, yaani uchawi wa kwenye gemu, ya Conjure Elemental (sie mezani twamwita jini wa upepo tu), inachukua dakika nzima kumwita kwahivyo wenzangu wakashikilia mlango mpaka akatokea. Nikamwambia "simama hapa mlangoni usimpitishe mtu", tukateremka sote sita na paka wa mchawi wetu. Sanduku tumelipata, maji yakaanza kujaa mle ghalani, twapanda mbio, masta ananambia jini anakuzuieni. Vipi? Anasema amri yako ni asipite mtu, na nyie ni watu.

Nikasema basi nampa amri nyengine, akanambia subiri zamu yako. Zamu ikafika nikasema "tupishe sisi", akanambia hafahamu, kadi yake ya sifa imeandikwa anajua Kiauran tu, lugha ya viumbe wa upepo, na wewe Kiauran hukijui. Nkamuuliza sasa ile amri ya mwanzo aliifahamu kwa lugha gani, akanyamaza akaendelea. Hapo haramia mmoja akanipiga mshale kutoka nje, pointi 14 za madhara, nikarusha dadu ya kushikilia konsentresheni (kuikaza akili speli isikatike) jumla nikapata 8, ikakatika, jini akatugeukia. Wamekufa wawili, mmoja ni mhusika wa mdogo wangu, kamlea tangu levo ya 1 mwaka mzima na zaidi, kanyanyuka kaenda zake nyumbani bila ya kuaga.

Sasa nambieni, jini anashika neno kama lilivyo au anashika ulichokusudia? Na hiyo lugha? Na kugeuka kule ni kanuni kweli au masta alikuwa keshakasirika? Sitaki kumshinda mtu, nataka Ijumaa watu warudi.

---

MtuWaMichenzani

Waalaykum salaam, pole sana yakhe na mpe pole mdogo wako.

Nianze na lugha maana hiyo nyepesi. Chukua speli nyengine ya kuita, Conjure Animals, ya levo ya 3. Unaita mbwa mwitu wanane pale, na maneno yake ni yale yale, wanatii amri yoyote ya mdomo unayowapa na haikugharimu aksheni (kitendo chako cha zamu). Sasa nenda kwenye kadi ya mbwa mwitu mahala pa lugha, pana mstari mtupu, hana lugha. Ingekuwa sharti kiumbe ajue lugha ndo atii basi speli ile ingekuwa haina kazi tangu siku ya kwanza. Kwahivyo kufahamu kumo ndani ya speli yenyewe. Kiauran chake ni cha kuzungumza na wengine, sio cha kukusikia wewe uliyemwita. Na kama ulivyosema mwenyewe, aliifahamu ile ya mwanzo, hawezi kuwa kiziwi kwa ya pili.

Kuhusu zamu hapo masta wako yuko sawa, samahani. Kanuni ya mapigano inasema unaweza kusema maneno mafupi na kufanya ishara unapokuwa kwenye zamu yako, na raundi nzima ni sekunde sita. Meza nyengine zinalegeza, ya kwetu tunaruhusu neno moja nje ya zamu, "acha!" au "nyuma!", lakini hiyo ni hisani ya masta sio haki yako. Na usisahau jini ana zamu yake mwenyewe, anarusha inishiativi yake (dadu ya kupanga nani anatangulia), kwahivyo hata ukimwamrisha hafanyi papo hapo, anafanya zamu yake ikifika. Watu wengi wanagombana hapa kwa kudhani jini ni mkono wako wa tatu.

La konsentresheni nawaachia wenzangu lakini dadu yako nimeihesabu, nusu ya 14 ni 7, kizingiti ni 10 au nusu ya madhara yoyote kubwa zaidi, kwahivyo ulitaka 10 ukapata 8. Imekatika kwa haki.

---

BiSomo

Mwanangu DaduLaChake, mie naendesha gemu hapa Mji Mkongwe mwaka wa sita huu na mlango kama huo ushanikuta, kwahivyo ntaandika kirefu nivumilie.

Mtu akinuliza neno au kusudio, humwambia aweke karatasi tatu pamoja azisome kwa sauti. Ya kwanza ni hiyo Conjure Elemental yako. Inasema kiumbe ni rafiki kwako na kwa wenzako kwa muda wote wa speli, anatii amri za mdomo, usipomwamrisha anajilinda tu basi. Ya pili ni Animate Dead, ile ya kuinua mifupa. Mule hamna neno rafiki hata mara moja, kuna kuamrisha kwa aksheni ya bonasi (kitendo kidogo cha ziada), wawe ndani ya futi 60, na kuna sentensi ambayo kwenye ya kwanza haimo, kwamba ukishawapa amri wanaendelea nayo mpaka kazi imalizike. Ya tatu ni Planar Binding, ya kumfunga kiumbe wa ulimwengu mwengine akutumikie. Hii ndo imeandikwa waziwazi kwamba anatii maelekezo yako kama yalivyotamkwa, na kama ana uadui na wewe atajitahidi kuyapindua maneno yako apate lake.

Sasa jiulize. Walioandika walijua kusema "kama yalivyotamkwa". Wamelisema mahala pamoja na wakalifunga na uadui. Kwenye speli yako hawakulisema, wameandika rafiki. Ukilichukua neno la karatasi ya tatu ukalibandika kwenye ya kwanza unakuwa husomi tena unatunga. Masta ana haki ya kutunga, lakini awaambie watu kabla, asiwaambie wakiwa wamesimama kwenye maji.

Na tuliangalie hilo neno lenyewe, mtu. Bi mkubwa anatoka kwenda Darajani, anamwambia mtoto "funga mlango usimfungulie mtu". Karudi na mikoba yake miwili, mtoto amwache nje kwa sababu mama naye ni mtu? Mtoto yeyote wa Unguja na Pemba anajua "mtu" pale ni mtu baki. Ndivyo tunavyosema, mtu hajiingizi kwenye "mtu" akiwa yeye ndo anayetoa amri. Ulisema Kiswahili sahihi kabisa, mwanangu, na rafiki yako aliyekusikia alipaswa akifahamu kama rafiki.

Nnavyoona tatizo ni hilo jina mlilompa. Mnamwita jini, na sie ukitaja jini watu wa hapa wanajua linavyokuwa. Jini la kufugwa limekaa na hasira zake, unalilisha, unalitimizia masharti, siku ukikosea neno au ukichelewa linakugeukia au linawageukia wanao. Tumekua na hadithi hizo, Pemba zaidi. Masta akikaa pale anaendesha jini wa hadithi za bibi yake, haendeshi kile kiumbe kilichoandikwa. Na kwa kanuni zenyewe elementali ya upepo sio jini, majini wamo kwenye gemu na kadi yao, wana kiwango cha ugumu 11, na speli yako kwa nafasi ya levo ya 5 (levo ya speli, si ya mhusika wako) inaishia kiumbe wa kiwango 5, hata uipandishe speli mpaka levo ya 9 hufiki kwa majini.

Ila sikufichi, kugeuka kule ni kanuni na imeandikwa vizuri. Conjure Elemental konsentresheni ikikatika kiumbe haondoki. Unapoteza uwezo wa kumtawala, anakuwa adui kwako na kwa wenzako na anaweza kukushambulieni, huwezi kumfukuza, na anabaki mpaka itimie saa moja tangu ulipomwita. Ndo tafauti yake na wale mbwa mwitu ambao speli ikikatika wanatoweka. Lakini tizama ni lini anakuwa adui, baada ya kukatika. Kabla ya mshale alikuwa rafiki na rafiki angekupisheni mlangoni. Mshale ukija mmeshapita mlango, mnapigana naye juu kwenye uwazi au mnakimbia, hampigani naye ngazini mmebanana na maji nyuma. Dadu ni ile ile, waliokufa huenda wasingekufa.

---

MvuviWaWete

Samahanini nauliza kwa nia njema, hivi hamuogopi? Kuita majini barazani usiku, na nasikia kwenye hizo kanuni kuna kufukiza. Mie bibi yangu alikuwa hataki hata jina litajwe baada ya Magharibi.

---

BiSomo

Kaka Mvuvi swali lako la haki na mie mwenyewe nshalijibu nyumbani kwa wazee wangu. Kwenye meza hafukizi mtu chochote wala hasomi chochote, kuna karatasi, penseli na dadu, mtu anasema "mhusika wangu anaita upepo" kama anavyosimulia hadithi. Lakini mie kwangu nina mpaka, sikubali mchezaji alete maneno ya dua au majina ya kweli ya pepo wanaopungwa, kibuki na wengine, maana kuna watu mezani wana mama zao ni viti vya pepo. Mtu asiyeridhika na hayo simlazimishi, akae tucheze keram.

Na kwa vile umegusa dini, mie hukumbuka kisa cha Nabii Suleiman alayhi salaam, si kwa kufananisha. Majini waliotiishwa kwake waliendelea na kazi nzito hali ya kuwa keshafariki kaegemea fimbo yake, hawajui, mpaka mdudu wa ardhini alipoila fimbo akaanguka. Wale walitiishwa, hawakuwa marafiki, ndo maana waliendelea. Nikisoma ile sentensi ya Animate Dead, wanaendelea mpaka kazi imalizike, nnapata picha hiyo, kazi inayokwenda bila ya kujali mwenye amri yuko wapi. Kiumbe rafiki humtaraji hivyo, anaangalia uso wako.

---

MastaWaChake

Mie ndo masta mwenyewe, nimeletewa linki na mchezaji wangu na nimesoma yote.

Kwanza la lugha nimekosea. Nilisoma kadi ya kiumbe sikuisoma speli, na ile hoja ya mbwa mwitu sina jibu lake. Nilinyamaza siku ile kwa sababu nilijua swali ni la haki na sikutaka kusimamisha gemu maji yakiwa yanapanda.

La mlango nataka nielezwe zaidi kabla sijakubali. Kwangu mimi kuita kiumbe lazima kuwe na uzito. Aliyeandika kanuni hizi yuko Marekani lakini nenda kasome ile speli ya kumpata paka kama wa mchawi wetu, Find Familiar, kuna makaa, ubani na majani yanaunguzwa kwenye chetezo cha shaba, saa nzima. Conjure Elemental ya upepo nayo inataka ubani unaofuka. Mtu aliyekulia Pemba akisoma hayo anajua anaingia wapi, huiti kitu kwa ubani halafu ukazungumza nacho ovyo ovyo. Nikiacha kila amri ifahamike kwa kusudio wachezaji watakuwa wanasema lolote halafu wanajitetea "nilikusudia vile". Nishayaona hayo, mtu anamwambia kiumbe "washughulikie" na kila raundi washughulikie ina maana mpya.

Hayo ndo yaliyonifanya. Sikukasirika na mtu.

---

HesabuZaDadu

Masta nakuelewa, na uzito unaoutaka upo ila umeuweka pasipo pake. Weka kwenye urefu wa amri. Sekunde sita, maneno mafupi, akitaka kumpa jini mpango wa sentensi nne mwambie chagua moja. Weka kwenye kunyamazishwa pia, druidi wako akiingia ndani ya speli ya Silence, duara la futi 20 kwenda kila upande, hana mdomo, na amri ni za mdomo, kiumbe anabaki kujilinda tu. Maharamia wenye mchawi mmoja wakijua hilo wanakuwa hatari kweli na hujavunja kanuni yoyote.

Na neno likiwa na maana mbili za kweli, kama hilo "washughulikie", kuua au kukamata, hapo muulize mchezaji pale pale "unakusudia ipi?" kabla kiumbe hajafanya. Druidi wako alikuwa na maana moja tu na sote tuliijua.

Wakitaka kumfunga kiumbe ndo uwapindulie maneno mpaka wajute. Planar Binding inataka kito cha vipande 1,000 vya dhahabu na saa nzima ya kuisoma, na speli inayosomwa zaidi ya aksheni moja inakula konsentresheni yako muda wote unapoisoma, kwahivyo huyo huyo aliyemwita hawezi kumshikilia na kumfunga kwa wakati mmoja, lazima wawe wawili. Halafu hata wakiwa wawili kuna saa kwa saa, kuita kunadumu saa moja na kufunga kunachukua saa moja, ukihesabu dakika kwa dakika kiumbe anatoweka kabla ya fundo la mwisho. Sie mezani kwetu tuliwaachia hiyo dakika kwa sababu kito kilikuwa cha bei. Amueni nyie wenyewe.

---

MtuWaMichenzani

Nimuongezee masta jambo moja. Wachezaji wasiojua amri yao itasomwaje wanakuwa waoga. Ya kwetu kuna mwaka masta alikuwa anapindua kila neno, kila mtu akaacha speli za kuita, watu wakawa wanaandika amri kama hati ya kiwanja, "isipokuwa aliyetajwa hapo juu", robo saa inaenda kwa amri moja. Gemu ikafa yakhe. Hakuna aliyegombana, watu waliacha kuja tu.

---

MastaWaChake

Hilo limenigusa, sisemi zaidi. DaduLaChake nipigie.

---

DaduLaChake

Jamaa nimerudi na ahsanteni nyote, hasa Bi Somo, mfano wa mama na mikoba nimemsomea mdogo wangu na amecheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Tumekaa na masta jana baada ya Alasiri, yeye na mimi tu. Tumekubaliana hivi, tunarudi mlangoni, jini anatupisha, mshale unakuja ule ule na 8 yangu inabaki 8, sikuomba irushwe tena. Kwahivyo jini atageuka tukiwa tushatoka ghalani. Tutapigana naye au tutaruka baharini hatujui, ana pointi 90 za uhai na anaruka futi 90 kwa zamu sisemi tutapona. Lakini mdogo wangu kasema atakuja, na yule mwengine kasema ataangalia.

Kuanzia sasa kiumbe wa kuitwa ni rafiki na anafahamu Kiswahili cha kawaida, neno lenye maana mbili masta anauliza kabla, amri haizidi pumzi moja, na wa kufungwa kwa Planar Binding anasomewa kama alivyosema masta mwanzo, kila neno. Tumeacha kumwita jini pia, tunamwita upepo. Mie nishaandaa amri yangu kwa siku nyengine nikihitaji mlango ulindwe, pumzi moja nimeipima, "linda mlango, wapite sisi sita tu."

---

BiSomo

Nzuri. Ila mwanangu, "sita tu" umehesabu mwenyewe na ukaifunga, hapo hata rafiki atazuia wa saba maana umemtajia idadi. Paka wa mchawi wenu anapita na nani?

---

DaduLaChake

Lahaula. "Wapite sisi na wetu." Namwandikia masta sasa hivi.